Tezi 14 na Masizi ya Jikoni

Kila Jumamosi nikifika nyumbani Vihiga, kabla hata sijatua mkoba, Mama hunyoosha mkono wa kushoto juu ya meza na kusema, "Haya, Mwalimu, pima." Nina futi ya fundi cherehani, ile laini ya njano, niliyoinunua soko la Kibuye, Kisumu, kwa mama anayeuza nyuzi na zipu. Napima mahali pamoja siku zote, vidole vinne juu ya kiwiko. Kisha napima mkono wa kulia, pale pale. Naandika tarehe na namba mbili kwenye daftari la shule. Mkono wa kulia ni sentimita 29, haubadiliki. Wa kushoto umewahi kufika 37.

Siku mbaya, ngozi ya mkono ule hung'aa kama imepakwa mafuta, na ukiibonyeza kwa kidole gumba inabaki na kishimo. Kishimo chenyewe hakijai upesi. Niliwahi kukihesabia, nikafika 40 na bado nilikiona. Siku mbaya huja baada ya palizi, baada ya kubeba mtungi, baada ya mwiba mdogo tu wa ua kumchoma kidoleni. Mama anayajua yote hayo, lakini mahindi hayajipalilii.

Majirani walisema ni matende. Wengine walisema mabaya zaidi, sitayarudia hapa. Tulikotibiwa hakuna aliyetuambia kabla ya upasuaji kwamba mkono unaweza kuvimba, na hilo linaniuma hadi leo. Neno moja la onyo, na bendeji ya kubana tangu dalili za mwanzo, vingemwondolea Mama miaka miwili ya kujiuliza amemkosea nani.

Alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi mwaka 2016. Titi likatolewa, na kwapani zikatolewa tezi zote za limfu ambazo daktari aliweza kuzifikia. Majibu ya maabara yalikuja wiki sita baadaye, karatasi moja tu, nami nikaisoma nimesimama mlangoni watu wakinipita huku na huku. Tezi zilizochunguzwa: 14. Zenye saratani: 0.

Nilipiga simu nyumbani nikilia kwa furaha. Tulichinja kuku. Ilinichukua zaidi ya mwaka, mkono ukiwa umeshaanza kujaa, ndipo nikaitoa karatasi ile kwenye bahasha na kuiona kwa jicho lingine. Tezi 14 nzima, zote safi. Mama yangu alipoteza tezi 14 zisizokuwa na kosa, kwa sababu hakukuwa na njia ya kuziuliza kabla ya kuzitoa.

Tezi za limfu ni vichujio vidogo, kimoja kama punje ya dengu, kingine kama haragwe. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye mishipa ya damu hukusanywa na mishipa ya limfu, hupitishwa kwenye vichujio hivyo, kisha hurudishwa kwenye damu karibu na shingo. Seli ya saratani ikitoroka titini, mara nyingi hupitia njia hiyo hiyo na kunaswa kwapani. Kwa hiyo daktari anapotaka kujua kama ugonjwa umeanza safari, huangalia kwapa. Kwa miongo mingi namna ya kuangalia ilikuwa moja: toa zote, peleka maabara. Lakini ukizitoa, maji ya mkono yanakosa pa kupita. Aliyewahi kuona mtaa wa Nyalenda, Kisumu, baada ya mvua kubwa, mtaro ukiwa umezibwa, anajua maji yaliyokosa njia hufanya nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari kadhaa wa Marekani walianza kufanya jambo lenye busara kubwa. Donald Morton, aliyetibu saratani ya ngozi, alidunga rangi ya buluu karibu na uvimbe na kuifuata ilikoelekea. Mwaka 1992 alieleza alichokiona: rangi hufika kwanza kwenye tezi moja au mbili, kabla ya kufika kwa nyingine. Mwaka 1994 Armando Giuliano na wenzake wakaonyesha kwamba jambo hilo hilo linawezekana kwa titi. Tezi ile ya kwanza ni askari wa getini. Itoe hiyo peke yake, ichunguze. Ikiwa askari hajamwona mgeni, kwa kawaida ndani hamna mgeni, na tezi nyingine zinaachwa zikae zifanye kazi yake. Wanawake wanaotolewa tezi zote za kwapa, takriban mmoja kati ya watano huvimba mkono. Wanaotolewa askari tu, ni karibu 6 kati ya 100.

Hizo namba nazijua kwa moyo kama watu wengine wanavyojua namba za simu za watoto wao.

Niseme mapema, nisije nikaonekana namlaumu daktari. Yule aliyempasua Mama alifanya salama kwa alichokuwa nacho. Njia nzuri ya kumpata askari wa getini, mahali palipo na vifaa, hutumia tekneti, madini yenye mionzi ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6. Lazima iandaliwe siku ile ile, itumike siku ile ile, na pawe na kifaa cha kuisikiliza ndani ya mwili. Jaribu kuipanga hiyo na barabara zetu, na foleni zetu, na upasuaji unaoahirishwa kwa sababu damu haijapatikana. Rangi ya buluu ni rahisi zaidi, lakini hupita haraka. Daktari akichelewa kidogo, imeshavuka askari na kuingia kwa wengine, au imeshafifia.

Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Kisumu. Kaboni nilikuwa nikiifundisha Kidato cha Pili: almasi, grafaiti, na ile tunayoiita kaboni isiyo na umbo. Miaka michache baada ya upasuaji wa Mama nilikuwa naandika ubaoni, msichana wa dawati la mbele akainua mkono. "Mwalimu, na masizi ya koroboi? Hiyo ni kaboni gani?" Nikampa jibu la kitabuni. Akaandika. Lakini swali lilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu masizi mimi nayajua. Nimelelewa chini yake.

Jiko la nyanya yangu lilikuwa kibanda cha udongo chenye mafiga matatu, bila dirisha, na tundu moja karibu na paa ambalo moshi ulilipuuza. Juu ya moto zilining'inizwa jozi za mahindi ya mbegu, maganda yamefumwa pamoja, moshi uyakinge na fukusi. Maboriti ya paa yalikuwa meusi tititi, tena meusi yenye kung'aa kama yamepigwa vanishi. Masizi yalishuka katika nyuzi nyembamba zilizocheza kila mlango ulipofunguliwa. Ukigusa uzi mmoja, hauhisi kitu, ila kidole kinabaki cheusi, na weusi ule huingia kwenye mistari ya ngozi hata sabuni ya kipande inashindwa. Nyanya alitutuma kuyakwangua, akayachanganya na mafuta, akayatumia kwa mambo yake. Katika nchi nyingi za Afrika masizi yamepakwa kwenye chale tangu zamani, na alama nyeusi ikabaki chini ya ngozi maisha yote. Kumbuka hilo la kubaki chini ya ngozi. Nitalirudia.

Usiku ule nilisoma hadi saa saba. Kilichonishangaza kwanza ni kwamba masizi si kitu kimoja. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichukua masizi ya mshumaa wa kawaida, wakayachemsha kwenye tindikali ya naitriki, na wakapata chembe ndogo mno zinazowaka kwa rangi mbalimbali zikimulikwa na mwanga wa urujuanimno. Mwaka 2011, katika Chuo Kikuu cha St Andrews kule Scotland, Wuzong Zhou alionyesha kwamba ndani ya mwali wa mshumaa huzaliwa almasi ndogondogo, karibu milioni 1.5 kila sekunde, nazo huungua kabla hazijatoka. Tulisoma kwa mwanga wa koroboi miaka yote ile, na nikajiuliza nini kilikuwa kikizaliwa na kufa mbele ya macho yetu.

Historia yenyewe nitaipitisha haraka, maana iko kila mahali. Mwaka 1985 Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley walipata molekuli ya atomi 60 za kaboni zilizoshikana kama mpira wa miguu, ikaitwa fulereni, wakatuzwa Nobeli mwaka 1996. Mwaka 1991 Sumio Iijima wa Japani akaeleza mirija ya nano ya kaboni: karatasi ya grafaiti iliyoviringishwa ikawa mrija ambao upana wake ni maelfu ya mara chini ya ule wa unywele. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, Manchester, wakabandua grafaiti kwa selotepu hadi wakabaki na tabaka la unene wa atomi moja, grafini. Na mwaka huo huo kundi jingine lililokuwa likisafisha mirija ya nano likakuta uchafu wake unang'aa. Uchafu ule leo unaitwa nukta za kaboni, na kuna maabara dunia nzima zinazoshughulika nao tu.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niketi wima kitandani.

Nchini China, madaktari wa upasuaji hutumia dawa ya sindano ambayo, ukiitazama ndani ya kichupa, ni wino mweusi. Ni chembe za kaboni zilizotawanywa kwenye maji, kila chembe ikiwa na upana wa nanomita 150 hivi; nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ili upate picha: chembe nyekundu moja ya damu ina upana wa kama nanomita 7,500, kwa hiyo ungepanga chembe 50 za wino huo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukubwa huo haukuchaguliwa ovyo. Nafasi zilizo kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ni nanomita 20 hadi 50, wakati za mishipa ya limfu ni 120 hadi 500. Chembe ya 150 haipenyi kwenye damu. Mlango pekee unaoiruhusu ni wa limfu. Ikidungwa karibu na uvimbe, seli walinzi wa mwili huzimeza na kuzibeba, mishipa huzisukuma, na tezi za kwanza njiani hugeuka nyeusi. Nyeusi kabisa, kama kunde nyeusi kwenye mafuta ya njano. Daktari hahitaji mashine wala mionzi. Anafungua, anaangalia kwa macho yake.

Na rangi haikimbii. Tofauti na buluu, kaboni ikishaingia kwenye tezi inakaa. Upasuaji ukiahirishwa kwa sababu umeme umekatika au kwa sababu aliyetangulia amechukua muda mrefu, tezi itamsubiri daktari ikiwa nyeusi vile vile. Nilipofika hapo kwenye kusoma niliwaza chale. Masizi ya nyanya hayakufutika kwenye ngozi kwa sababu hiyo hiyo: mwili hauna namna rahisi ya kuyamumunya.

Matumizi yake makubwa ni kwenye upasuaji wa tezi ya shingo, ile inayovimba mtu akipata goita, na hapo kuna uzuri wa pekee. Nyuma ya tezi ya shingo hujificha vitezi vinne vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele, vinavyotunza kalsiamu ya damu. Daktari akivikata kwa bahati mbaya, mgonjwa huamka na ganzi midomoni, vidole vikikakamaa. Wino ukidungwa kwenye tezi ya shingo, tezi na limfu zake huwa nyeusi, lakini vitezi vile vinne vinabaki na rangi yake, kwa sababu limfu ya tezi ya shingo haipitii kwao. Vinaonekana kwa kutoguswa.

Umeshaona nilichokiona. Sindano ya maji meusi ingeweza kumwambia daktari wa Mama, "Hii hapa, anza na hii." Angeitoa moja, pengine mbili. Maabara ingesema safi. Nyingine zingebaki kwapani zikipitisha maji ya mkono unaolima, unaofua, unaoshika mjukuu.

Kuna jambo jingine kuhusu masizi na tezi, nalo linanisumbua. Njia ile ambayo wino hupita, masizi ya jikoni yameipita tangu zamani. Mwanamke aliyepika miaka 40 kwenye moshi huvuta chembe za kaboni hadi vina vya mapafu. Seli walinzi humeza zinazoweza na kuzibeba hadi kwenye tezi za kifua, na humo zinabaki. Madaktari wanaofungua vifua vya watu wa namna hiyo hukuta tezi nyeusi. Si dawa iliyozipaka, ni ugali na maharagwe ya miaka yote. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Nyanya yangu alikohoa kwa miaka tisa ya mwisho wake, na hakuwahi kuvuta sigara hata moja.

Kwa hiyo siwezi kuandika juu ya kaboni kama mtu anayeshangilia. Kaboni iliyomziba nyanya pumzi na kaboni inayoweza kumwokolea mwanamke mkono ni atomi zile zile. Kinachotofautisha ni ukubwa wa chembe, umbo lake, kilichogandamana juu yake, kiasi chake, na mlango ilioingilia. Moshi wa kuni huja na kemikali nyingine chungu nzima zikiwa zimepanda juu ya kaboni. Wino wa hospitali umesafishwa.

Umbo peke yake linaweza kuua. Mwaka 2008 watafiti waliokuwa Uingereza walitia mirija mirefu ya nano ya kaboni ndani ya matumbo ya panya, kwenye utando unaofunika viungo, na wakaona madhara yale yale yanayoletwa na nyuzi za asbesto. Ile mifupi au iliyojisokota haikufanya hivyo. Seli mlinzi hujaribu kumeza uzi mrefu kuliko yeye, anashindwa, anabaki amekabwa nao. Sisi tuliosoma chini ya paa za asbesto tunalijua neno hilo. Mwaka 2014 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani yenye makao Lyon, Ufaransa, iliiweka aina moja ya mirija hiyo kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Upande wa pili, mwaka 2010 Valerian Kagan wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walionyesha kwamba kimeng'enya kilicho ndani ya chembe zetu nyeupe za damu kinaweza kuivunjavunja mirija ya nano. Mwili una silaha. Kama silaha hizo zinatosha, inategemea mrija, na kiasi, na mahali.

Yapo mambo makubwa zaidi yanayotafutwa, na moyo wangu unayafuata ingawa najua bado yako mbali. Funika tochi ya simu kwa kidole gizani: kidole kinawaka chekundu. Mwanga mwingine wote umenyonywa na damu na nyama, mwekundu ndio umepenya. Ukienda mbele kidogo ya wekundu, kwenye mwanga ambao jicho halioni, kati ya nanomita 700 na 1,700, kuna madirisha ambamo mwili unapitisha mwanga vizuri zaidi. Mirija ya nano huunyonya mwanga huo kwa nguvu na kuugeuza joto. Mwaka 2005 Hongjie Dai na wenzake wa Stanford waliingiza mirija ndani ya seli za saratani kwenye vyombo vya maabara, wakazimulika kwa leza, na seli zilizobeba mirija zikafa kwa joto huku zisizobeba zikibaki. Baadaye kundi la chuo hicho hicho lilitumia mirija kuona uvimbe ndani ya panya hai kwa namna nzuri sana: unamulika mpigo mfupi wa leza, mrija unapata joto ghafla, unatanuka, na kule kutanuka kunatoa sauti. Mashine inasikiliza sauti hiyo, mithili ya altrasaundi. Saratani inasikika.

Fulereni nazo zimejaribiwa kama vizimba. Dawa nyingi za kung'arisha picha za MRI hutumia gadolini, madini ambayo yakijitenga ndani ya mwili ni sumu, na mwaka 2006 baadhi yake zilihusishwa na ugonjwa mbaya wa ngozi kukakamaa kwa watu wenye figo dhaifu. Kabla hata ya hapo watafiti walikuwa wameshaanza kuifungia gadolini ndani ya mpira wa kaboni, ambamo haitoki. Wazo linapendeza. Lakini panya si mama yangu, na kutoka kwa panya hadi kwa mama wa Vihiga ni safari ndefu ambayo dawa nyingi huifia njiani. Ningemwambia yeyote anayeumwa leo: usiingoje leza. Nenda kliniki.

Nasema hivi kwa uchungu. Stendi ya matatu, Kisumu, nilimkuta mwanamume mwenye kipaza sauti akiuza maji kwenye chupa ndogo, "maji ya nano," ya kutibu presha, vidonda vya tumbo, na saratani ya aina zote. Shilingi 3,500. Mwanamke mmoja wa ushirika wa Mama kanisani alikuwa ameyanunua chupa nne, na uvimbe wake ukaendelea kukua akiwa na matumaini. Wanalichukua neno lililotoka kwa watu waliokesha kwenye maabara, wanalibandika kwenye maji ya bomba. Nano ni kipimo tu, kama inchi. Haiponyi mtu kwa jina lake. Ukiuliza ni chembe za nini, za ukubwa gani, zimejaribiwa kwa nani, zinaingia wapi na kutoka wapi, muuzaji mwaminifu atakuwa na majibu. Yule wa stendi alinigeuzia mgongo.

Kinachonipa tumaini ni kwamba nyingi ya vitu hivi hazianzii kwenye vitu vya anasa. Mwaka 2012 watafiti wa India walitengeneza nukta za kaboni kutoka juisi ya machungwa, kwa kuipika kwenye nyuzi 120. Wengine wametumia makapi ya miwa. Makapi ya miwa! Ukitoka Kisumu kwenda Kibos na Muhoroni unayanusa kabla hujayaona. Nilipowaambia Kidato cha Pili, darasa lilinyamaza, kisha yule msichana wa mbele, ambaye sasa alikuwa ameanza kunizoea, akauliza kama mtu anaweza kusomea hilo. Nikamwambia ndiyo. Akauliza wapi. Tukaketi baada ya kipindi tukatafuta pamoja, na jioni hiyo nilirudi nyumbani nimechelewa na sikujali.

Jumamosi iliyopita nilimkuta mama mdogo kwa Mama, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango bila kuvua sweta. Amepata kinundu. Ameshapigwa altrasaundi, ameshachukuliwa kipande cha nyama kwa sindano, majibu yamerudi na ni ile ile. Upasuaji utazungumzwa kliniki Jumanne. Alikuwa akiutazama mkono wa Mama, na Mama aliliona hilo, akauvutia chini ya leso.

"Usiufiche, dada," mama mdogo akasema. "Nataka kuuona."

Tulizungumza hadi chai ikapoa. Nilimweleza askari wa getini. Nilimweleza kwamba daktari akishika kwapa na kukuta mitoki mikubwa, au picha zikionyesha ugonjwa umeshafika humo, mambo hubadilika, na huenda tezi nyingi zikalazimika kutolewa, na hiyo itakuwa haki. Lakini kwapa likiwa tulivu, ana ruhusa ya kuuliza. Nilimwambia juu ya buluu, juu ya tekneti, na juu ya wino mweusi, ingawa huo wa mwisho nilimwambia kama hadithi ya mbali. Aliutaka huo kuliko yote. "Masizi?" akasema. "Yale yale?" Nikamwambia ni ndugu yake, ameoga na kupimwa.

Nilichana ukurasa katikati ya daftari la vipimo vya Mama nikamwandikia kwa herufi kubwa: Je, daktari, unaweza kupima tezi ya kwanza kabla ya kutoa zote? Mna rangi ya kuionyesha? Kama hamna, ni hospitali gani wanayo, na je, nikisubiri kwenda huko nitakuwa nimechelewa? Mkono wangu utavimba? Nani atanionyesha namna ya kuutunza?

Mama mdogo alisoma kwa sauti mara mbili, polepole, akisimama kwenye kila alama ya kuuliza. Kisha akaikunja karatasi ikawa ndogo, akaifunga kwenye ncha ya leso pamoja na nauli ya Jumanne.

Mama alivuta kiti, akaweka mkono juu ya meza. Nilitoa futi. Mama mdogo aliishika ncha moja, akaibana juu ya kiwiko cha dada yake kwa kidole, nami nikazungusha. Sentimita 33 na nusu.